Vitabu vya Msaada na Vigeuzi Vyake

Programu ya kompyuta ni kazi isiyoshikika. Mwenye cherehani aweza kulitazama gurudumu na kuufuata uzi kwa macho mpaka akafahamu kasoro iko wapi. Mwenye programu hana cha kutazama ila kioo chenye maneno machache, na akikwama hana budi kurejea katika kitabu cha msaada. Kwa sababu hiyo kila programu kubwa huwa na kitabu chake, na kitabu hicho hutofautiana na vitabu vingine kwa mambo mawili. Kwanza, hakiishi kuandikwa: programu ikibadilishwa leo, kitabu cha jana kimekwisha kusema uongo. Pili, hutakiwa kwa maumbo mengi kwa wakati mmoja. Mtu mmoja hutaka kurasa za kusoma katika intaneti, wa pili hutaka dirisha la msaada lifunguke ndani ya programu yenyewe, wa tatu hutaka kitabu cha karatasi chenye faharasa, wa nne hutaka muhtasari wa amri moja tu. Mwandishi atakayejaribu kuliandika kila umbo kwa mkono wake atajikuta mwisho wa mwaka ana vitabu vinne vinavyopingana.

Mashine ambayo hulipokea andiko moja na kulitoa kwa maumbo hayo yote huitwa hapa kigeuzi. Kukichagua kigeuzi huonekana kuwa jambo dogo la fundi, mfano wa seremala kuchagua randa. Walakini waliokichagua vibaya walipoteza kazi ya miaka, na waliokichagua vema walipatwa na taabu nyingine wasiyoitazamia. Historia ya uchaguzi huo yastahili kuandikwa katika jarida la lugha, kwa kuwa swali lililo ndani yake lilikuwa la wanafasihi kabla halijawa la mafundi: andiko lenyewe ni lipi, na vazi lake ni lipi?

Katika miaka ya 1960 kompyuta zilianza kutumiwa kupanga chapa. Mwandishi alitia katikati ya maneno yake amri kwa mashine: acha mistari mitatu, kuza herufi, sogeza katikati. Amri hizo zilieleweka kwa mashine ya namna moja tu. Andiko likipelekwa kwa mpiga chapa mwingine, zote zilikuwa za kufutwa na kuandikwa upya. Mwezi wa Septemba 1967 William Tunnicliffe, aliyeongoza kamati moja ya chama cha wapiga chapa cha Marekani kilichoitwa Graphic Communications Association, alitoa hotuba nchini Kanada juu ya kuyatenga yaliyomo katika hati na umbo la hati. Karibu na wakati huo Stanley Rice, msanifu wa vitabu wa New York, alikuwa akipendekeza alama za kuzitaja sehemu za kitabu kwa kazi zake. Mawazo hayo yalipata mwili mwaka 1969 katika kampuni ya IBM, ambako Charles Goldfarb, mwanasheria kwa elimu yake, pamoja na Edward Mosher na Raymond Lorie, walikuwa wakitafuta njia ya kuziunganisha kazi tatu za ofisi ya wanasheria: kuzihariri hati, kuzitunza ili zipatikane tena, na kuzipiga chapa. Programu zilizozifanya kazi hizo hazikusikilizana, kila moja ikiwa na amri zake. Basi wakatunga lugha moja ya alama, wakaiita GML, na herufi hizo tatu ni herufi za kwanza za majina yao ya ukoo.

Tofauti yake na desturi ya zamani yaweza kusemwa kwa sentensi moja. Karani wa kwanza aliandika, "kuza herufi". Karani wa GML aliandika, "hiki ni kichwa cha sura". Neno la kwanza ni amri, nalo hutiiwa mara moja likafa. Neno la pili ni habari, nayo yaweza kuulizwa mara nyingi na waulizaji wengi: mpiga chapa ataikuza herufi, mtengeneza faharasa atakiingiza kichwa katika orodha ya yaliyomo, na mashine ya kuwasomea vipofu itatua kidogo kabla ya kukitamka. Kazi hiyo ya miaka mingi ilikubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1986 kwa jina la SGML, kiwango namba 8879.

Lakini kiwango hicho kilinyamaza kimya juu ya umbo. Kilisema namna ya kuandika kwamba hiki ni kichwa cha sura. Hakikusema neno juu ya namna kichwa hicho kitakavyoonekana. Ukimya huo ulikuwa wa makusudi, tena ulikuwa wa busara, ila uliacha pengo. Kiwango cha kulijaza, DSSSL, hakikutoka mpaka mwaka 1996. Kwa muda wa miaka kumi, yaani miaka ile ile ambayo kompyuta ziliingia katika maofisi na majumba ya watu, kila kampuni ililiziba pengo hilo kwa mkono wake.

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa Windows. Toleo la 3.0, lililotoka mwaka 1990, lilikuja na programu ya kuonyeshea msaada, WinHelp, na njia ya kuiandikia ilikuwa ya ajabu. Mwandishi alifungua programu ya kawaida ya kuandikia barua, akaandika mada zake, kila mada katika ukurasa wake. Kisha alitumia tanbihi, zile tanbihi ambazo mwanachuoni huzitumia kutajia vitabu, kwa kazi isiyokuwa yake. Tanbihi yenye alama ya # ilibeba jina la siri la mada. Yenye alama ya $ ilibeba kichwa chake. Yenye herufi K ilibeba maneno ya faharasa. Neno la kubonyezwa ili kufungua mada nyingine lilipigiwa mistari miwili chini yake, na mara baada yake liliandikwa jina la mada ile kwa maandishi yaliyofichwa. Faili hilo lilihifadhiwa kwa namna iitwayo RTF, likapitishwa katika kigeuzi, likatoka kitabu cha msaada.

Kwa mtazamo wa juu juu hapo pana ujanja wa kusifiwa, maana mwandishi hakuhitaji kujifunza lugha mpya. Lakini yafaa kutazama kilichotokea kwa maana. Mistari miwili chini ya neno ni umbo. Hapo ilifanywa kuwa ishara ya kiungo. Tanbihi ni sehemu ya andiko. Hapo ilifanywa kuwa sanduku la vyuma vya mashine. Andiko na vazi vilishonwa pamoja kiasi kwamba hapana aliyeweza kuvifumua bila kupasua nguo. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilileta mfumo mwingine, HTML Help, uliojengwa juu ya kurasa za namna ya intaneti. Na Windows Vista ilipofika madukani mwaka 2007, haikuwa tena na programu ya kuzisomea faili za WinHelp, bali aliyezihitaji alipaswa kuitafuta na kuipakua mwenyewe. Waandishi ambao kazi yao yote ilikuwa katika yale mafaili ya RTF walijikuta na maelfu ya tanbihi ambazo hazikuwa tanbihi, na mistari miwili miwili ambayo hapana kigeuzi kingine kilichojua maana yake.

Katika ulimwengu wa Unix mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko desturi ya vitabu vya maelekezo ilikuwa ya tangu mwanzo: kitabu cha kwanza cha Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971. Kilitengenezwa kwa programu ya jamaa ya roff, ambayo alama zake zilikuwa, kwa sehemu kubwa, amri za umbo. Miaka ishirini baadaye makampuni yaliyouza Unix yalikuwa mengi, na kila moja liliazima maandiko ya mwenzake likayabadilisha kidogo. Mwaka 1991 kampuni mbili, HaL Computer Systems na mchapishaji O'Reilly & Associates, zilianza kutunga msamiati wa SGML wa kubadilishana vitabu hivyo. Jina lake ni DocBook.

DocBook ilikuwa, kwa hakika, kamusi ya mambo yanayotajwa katika vitabu vya kompyuta. Ina alama ya kusema "hili ni jina la faili", nyingine ya kusema "hii ni amri ya kuandikwa na mtumiaji", nyingine ya "hiki ni kitufe", nyingine ya "hili ni onyo", na nyingine ya hatua moja katika kazi yenye hatua nyingi. Mamia ya alama! Mhakiki mkali aweza kuuliza kama mwandishi wa kawaida huhitaji kujua tofauti ya jina la faili na jina la amri, hali yote mawili huchapwa kwa herufi za namna moja. Jibu la watungaji lilikuwa kwamba leo huchapwa kwa herufi za namna moja, na kesho atakuja mtu atakaye orodha ya mafaili yote yaliyotajwa kitabuni. Jibu hilo ni la kweli. Swali nalo lilikuwa la haki, na lilirudi kudai deni lake baadaye.

Kigeuzi cha kwanza kilichoifaa DocBook mikononi mwa watu wasio na fedha nyingi kilikuwa Jade, kazi ya Mwingereza James Clark, kilichofuata kanuni za DSSSL. Norman Walsh aliandika daftari la mitindo la DocBook kwa lugha hiyo, na kwa daftari hilo andiko moja liliweza kutoka kama kurasa za intaneti, au kama faili la RTF, au kama faili la TeX la kupigwa chapa. Mwaka 1998, baada ya kulelewa kwa miaka na kundi lililoitwa Davenport Group, DocBook ilihamia chini ya shirika la OASIS. Kasoro ya DSSSL ilikuwa moja, nayo haikuwa ya akili: iliandikwa kwa lugha ya jamaa ya Lisp, yenye mabano ndani ya mabano, na waandishi wa vitabu vya msaada walioweza kuisoma walikuwa wachache mno.

Tarehe 10 Februari 1998 ilitolewa XML, ambayo ni SGML iliyopunguzwa na kunyoshwa. SGML ilimruhusu mwandishi kuacha alama nyingi za kufungia pale ambapo mashine ingeweza kukisia. XML ilikataza kukisia kokote. Kila kilichofunguliwa kifungwe, tena kwa jina lake. Mwandishi alipata kazi zaidi, mtengeneza vigeuzi alipata nafuu kubwa, na vigeuzi vikaongezeka. Tarehe 16 Novemba 1999 ilifuata XSLT, lugha ya kugeuzia hati za XML, na mhariri wake alikuwa James Clark yule yule.

Namna XSLT ifanyavyo kazi yastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua mengi. Kigeuzi huisoma hati nzima na kuijenga kama mti: kitabu ni shina, sura ni matawi, aya ni vijiti, maneno ni majani. Daftari la mitindo si orodha ya amri za kufuatwa kutoka juu mpaka chini, bali ni mkusanyo wa violezo. Kila kiolezo husema: likionekana tawi la namna hii, toa kitu cha namna hii, kisha endelea na matawi yaliyo ndani yake. Kinachoamua mpango ni hati yenyewe. Onyo likiwa ndani ya hatua, kiolezo cha hatua kitakiita kiolezo cha onyo bila ya kuambiwa. Zaidi ya hayo, daftari moja laweza kulirithi daftari jingine na kubadilisha violezo viwili vitatu tu. Kwa hiyo mradi mdogo uliweza kulichukua daftari kubwa la Walsh, ambalo yeye na wenzake walilitunga upya kwa XSLT, ukabadilisha rangi ya vichwa na jina la shirika, na mengine yote ukayaacha. Daftari hilo lilitoa kurasa za intaneti, faili za HTML Help, za JavaHelp, kurasa za maelekezo za Unix, na hati za XSL-FO, lugha ya kueleza kurasa za kuchapwa iliyokubaliwa mwaka 2001.

Basi uchaguzi ukawa wa namna mpya. Daftari lilikuwa moja, vigeuzi vya kulitekeleza vilikuwa vinne au zaidi, na kwa nadharia vyote vilipaswa kutoa jambo moja. XT cha Clark kilikuwa cha mwanzo, lakini mwenyewe alikiacha mapema. Xalan kilitoka kwa Apache, kikiwa na asili katika kazi ya IBM na Lotus. Saxon kiliandikwa na Michael Kay wa Uingereza kwa lugha ya Java. Cha nne, xsltproc, kiliandikwa na Mfaransa Daniel Veillard kwa lugha ya C, kwa ajili ya mradi wa GNOME. Mwenye haraka alichagua xsltproc, kwa kuwa kilianza kazi mara moja bila kungoja mtambo wa Java uamke. Mwenye kutaka ujumbe wa makosa ulio wazi alichagua Saxon.

Lakini nadharia ya usawa haikudumu kazini. XSLT 1.0 haikuwa na nguvu ya kufanya mambo fulani, kama kutia namba katika mistari ya mfano wa programu, au kuonyesha kwa vidoti mahali maalumu katika mfano huo. Mambo hayo yaliongezwa kwa vipande vya Java vilivyofaa Saxon na Xalan, wala havikuweza kuingia katika xsltproc. Hivyo kigeuzi kilichochaguliwa kwa ajili ya kasi kiliamua pia mwandishi aweza kuandika nini. Baadaye njia zilitengana zaidi. XSLT 2.0 ilikubaliwa mwaka 2007, na 3.0 mwaka 2017. Saxon kilizifuata zote mbili, na Michael Kay mwenyewe ndiye aliyezihariri, lakini xsltproc kilibaki katika toleo la 1999. Aliyeandika violezo vyake kwa lugha mpya alijifunga kwa kigeuzi kimoja, na aliyebaki na lugha ya zamani alijinyima manufaa ya miaka kumi na minane. Kwa upande wa karatasi hali ilikuwa ngumu kuliko hapo. Kigeuzi cha bure cha XSL-FO, kiitwacho FOP, kilichoanzishwa na James Tauber na kutolewa kwa Apache, hakikufika toleo la 1.0 mpaka mwaka 2010. Na katika miaka ya kungoja, waliotaka kitabu kizuri cha PDF walilipa fedha kwa vigeuzi vya biashara au walivumilia vichwa vilivyobaki peke yake chini ya ukurasa.

Mradi mmoja waonyesha taabu hizo zote kwa pamoja, nao ni PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Kitabu chake husifiwa na wengi kuwa miongoni mwa vitabu bora vya msaada, na katika PDF kimepita kurasa 2,000. Kiliandikwa kwa DocBook ya SGML tangu miaka ya mwisho ya 1990, na kigeuzi chake kilikuwa Jade, kisha OpenJade, mrithi wake. Mapema katika miaka ya 2000 OpenJade ilikoma kuendelezwa. Haikuharibika; mashine ya namna hiyo haipati kutu. Ila watu walioielewa walipungua mwaka hata mwaka, na kitabu kilizidi kukua. Njia ya PDF ilipita katika TeX, na TeX ina mipaka ya kumbukumbu iliyowekwa na watunzaji wake. Kitabu kilipoizidi mipaka hiyo, kazi ilikatika katikati. Maelekezo ya mradi yalibidi kumfundisha kila mtengenezaji kuipanua mipaka kwa mkono. Hapo palikuwa na kejeli: kitabu cha msaada kilihitaji kitabu cha msaada cha kukitengenezea.

Kuhamia XSLT kulijadiliwa kwa miaka, na sababu ya kusita haikuwa uvivu. Daftari la XSLT, lilipojaribiwa juu ya kitabu kikubwa namna hiyo, lilikwenda polepole kuliko lile la zamani. Asili ya ugonjwa ilikuwa katika ule mti. Kila ukurasa ulipotengenezwa, violezo vilitembea upya katika matawi kutafuta ukurasa uliotangulia na ukurasa unaofuata, na kuhesabu upya namba za sura na vifungu. Kwa kijitabu cha kurasa hamsini hasara hiyo haionekani. Kwa kitabu cha maelfu hugeuka kuwa dakika, na mtu aliyesahihisha neno moja hungoja kama aliyeandika sura nzima. Dawa ilipatikana katika ile tabia ya kurithi: wahudumu wa mradi waliandika violezo vichache vya kuchukua nafasi ya vile vizito, vyenye kutafuta mara moja na kukumbuka, wakaviweka katika mafaili yaliyopewa jina la kuharakisha. Lau daftari lingekuwa programu iliyofungwa, kama kigeuzi cha WinHelp, hapana ambaye angeweza kuutia mkono ndani.

Toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, ndilo la kwanza ambalo kitabu chake kilitengenezwa kwa XSLT kama desturi, xsltproc kikitoa kurasa za intaneti na FOP kikitoa PDF. FOP hakikuwa na mipaka ya TeX, ila kilikuwa na njaa yake: maelekezo humwambia mtengenezaji akitengee megabaiti 1500 za kumbukumbu. Andiko lenyewe lilikuwa bado SGML. Kwa miaka mingi waandishi walikuwa wamezoea njia moja ya mkato, ambayo SGML huiruhusu, ya kufunga alama bila kuitaja jina. Katika Oktoba na Novemba 2017 Peter Eisentraut, aliyeongoza kazi hiyo, alizijaza alama zote tupu za kufungia majina yake, kisha akakigeuza kitabu kuwa XML. Mafaili mengi yalibadilika, na hapana sentensi ya kitabu iliyoandikwa upya kwa sababu hiyo. Watafsiri wa Ufaransa na Japani, ambao kwa miaka walikuwa wamekifasiri kitabu hicho kwa lugha zao, hawakulazimika kutafsiri tena.

Jambo hilo la mwisho lina uzito katika nchi zetu kuliko lipatavyo sifa. Kazi ya kuleta programu katika Kiswahili, kama ile ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulioleta Jambo OpenOffice mwaka 2004, husimama juu ya desturi ya kuyatoa maneno nje ya mashine ili mfasiri ayashughulikie peke yake. Pale ambapo maneno na vazi vimeshonwa pamoja, mfasiri wa lugha ndogo kwa fedha hulazimika kuwa pia fundi wa umbo, na aghalabu huacha.

Walakini wengine walioanza safari moja na PostgreSQL waliihama DocBook kabisa, nao hawakuwa wajinga. Mwaka 2016 watunzaji wa kiini cha Linux, wakiongozwa kwa upande wa maandiko na Jonathan Corbet, walianza kuviacha vigeuzi vya DocBook na kuhamia Sphinx, ambacho kiliandikwa kwanza kwa ajili ya vitabu vya lugha ya Python na huandikiwa kwa alama nyepesi, nyota na mistari, zinazosomeka hata bila kugeuzwa. Malalamiko yao yalikuwa ya wazi: vifaa vilikuwa vingi na dhaifu, kuvisimika kulikuwa taabu, na muhimu zaidi, mtu aliyejua habari ya programu hakuwa tayari kuiandika ndani ya msitu wa alama. FreeBSD, waliokwisha kuvuka kutoka SGML kwenda XML, walifanya vivyo hivyo mwaka 2021 wakaingia katika AsciiDoc. Lile swali la mwaka 1991, kama mwandishi anahitaji alama zote hizo, lilikuwa limepata jibu lake kwa miguu ya watu. DocBook ilimjali msomaji, ikamjali mpiga chapa, ikamjali hata mtengeneza orodha wa kesho. Aliyesahauliwa ni mhandisi mwenye robo saa jioni, atakaye kusahihisha kosa moja na kwenda zake. Kitabu kisichosahihishwa na ajuaye husahihishwa na asiyejua, au na hapana mtu.

Hasara yao nayo ipo. Alama nyepesi husema kwamba neno hili ni la mashine, lakini mara nyingi hazisemi kama ni faili, amri au kitufe. Na atakayetaka kujua hilo miaka ishirini ijayo itambidi kusoma kwa macho. Waliohama waliupima mzani huo, na kwa watu wenye waandishi wachache wa kujitolea ni vigumu kusema walipima vibaya. Makampuni yenye waandishi wa kulipwa yalibaki na XML kwa urahisi zaidi, mengi yao yakitumia DITA, msamiati wa mada fupi fupi ulioanzia IBM na kukubaliwa na OASIS mwaka 2005, ambao vigeuzi vyake vimejengwa juu ya XSLT vilevile.

Yafaa kutazama, hata hivyo, jinsi watu wa Linux walivyoondoka. Hawakuviandika vitabu vyao upya. Miongoni mwa vyombo walivyotumia kuvigeuza mafaili ya DocBook palikuwa na Pandoc, kigeuzi kilichoandikwa tangu mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Pandoc kilizisoma zile alama nzito zilizolaumiwa: hiki ni kichwa, hii ni orodha, huu ni mfano wa programu, kikatoa alama nyepesi mahali pake, na kazi iliyobaki ya mkono ilikuwa ya kusafisha makapi.